Maeve Binchy: aliyependwa bila kusomwa sawasawa

Mazungumzo mbele ya kikundi cha wasomaji, Nairobi. Yamepangwa upya kidogo ili yasomeke.

Mwenyekiti, walimu wangu, na wasomaji wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Asanteni zaidi kwa kuja jioni ya mvua kumsikiliza mtu anayezungumzia mwandishi wa Ireland ambaye baadhi yenu mlimsoma mkiwa shule ya sekondari, huku jalada limefunikwa kwa gazeti ili mwalimu asione.

Nina hoja moja. Maeve Binchy alipata wahakiki wa namna mbili, waliomdharau na waliompenda, na wote walipotea njia moja: walimjadili mwanamke wakaviacha vitabu. Waliomdharau walisema ni mtu mwema anayewaandikia wanawake wenzake hadithi za kusindikizia chai. Waliompenda walisema hayohayo, ila kwa sauti ya kusifu. Ukizisoma tanzia za mwaka 2012 utaona wema, ucheshi, ukarimu, nyumba yake ya Dalkey iliyokuwa wazi kwa kila mgeni. Waziri mkuu wa wakati ule, Enda Kenny, alimwita hazina ya taifa. Yote hayo nayaamini. Lakini mtu akifa mkasifu tabia yake tu, na kazi yake ya miaka thelathini mkaitaja kwa sentensi mbili, hapo pana jambo.

Kwa wasiomjua, kwa ufupi. Alikulia Dalkey, mji mdogo wa pwani kusini mwa Dublin, akasoma University College Dublin, kisha akawa mwalimu wa shule za wasichana. Mwaka 1963 alikwenda Israel kufanya kazi katika kibbutz, yaani kijiji cha ushirika, akawa anawaandikia wazazi wake barua ndefu. Barua moja iliwapendeza mno hata wakaipeleka gazetini, nayo ikachapishwa. Mwaka 1968 akaingia The Irish Times kama mhariri wa kurasa za wanawake, baadaye akaliandikia gazeti hilo kutoka London. Riwaya yake ya kwanza, Light a Penny Candle, ilitoka mwaka 1982 akiwa amevuka miaka 40, na ililipiwa pauni 52,000, kiasi ambacho wakati huo kilikuwa rekodi kwa riwaya ya kwanza. Alipofariki Julai 2012 alikuwa ameuza zaidi ya nakala milioni 40, katika lugha 37.

Tazameni sasa ni nchi gani iliyompokea. Ireland ni nchi ndogo yenye tuzo nne za Nobel za fasihi: Yeats mwaka 1923, Shaw mwaka 1925, Beckett mwaka 1969, Heaney mwaka 1995. Na juu ya hao kuna James Joyce, mwandishi wa riwaya ngumu ya Ulysses, ambaye hakuipata, naye ndiye anayetisha kuliko wote. Joyce alisoma chuo kilekile alichosoma Binchy, na sura moja ya Ulysses inatokea katika shule ya wavulana hapohapo Dalkey. Mhakiki aliyelelewa na majina hayo amezoea kupima kitabu kwa jasho linalomtoka anapokisoma. Kitabu kisichomtoa jasho hajui akiweke wapi. Kisha mwaka 2000, kwenye kura ya Siku ya Vitabu Duniani ya kutafuta waandishi wapendwa, Binchy akashika nafasi ya tatu, mbele ya Jane Austen na mbele ya Charles Dickens. Mnaweza kukisia nyuso za walinzi wa lango la fasihi siku hiyo.

Kulikuwa pia na suala la nani anahesabiwa kuwa mwandishi. Mwaka 1991 ilitoka antholojia kubwa ya fasihi ya Ireland, Field Day, majuzuu matatu mazito chini ya uhariri wa Seamus Deane. Wanawake waliomo walikuwa wachache kiasi cha kuzua ugomvi mkubwa, na mwaka 2002 yakaongezwa majuzuu mawili mazima ya maandishi ya wanawake. Fikirini: ikiwa washairi wa kike wenye heshima zao walikuwa wanagombea kiti ukumbini, mwandishi anayeuzwa kwenye vibanda vya uwanja wa ndege alikuwa na nafasi gani?

Walimu wangu wataniruhusu niseme kwamba jambo hili hatuna haja ya kulishangaa. Sisi wenyewe tulirithi mgawanyo wa riwaya dhati, zinazohesabiwa nzito, na riwaya pendwa, za kuburudisha umma, na kwa miaka mingi vyuoni ile ya pili ilitajwa kwa haraka, kama jamaa anayekunywa. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Tanzania, alitoa riwaya yake ya upelelezi Simu ya Kifo mwaka 1965 na watu wakaisoma mpaka ikachanika, lakini ilichukua muda mrefu kabla mtu hajaiuliza swali la maana kuhusu ufundi wake. Naliacha hapo. Nimekuja kuzungumzia Ireland.

Lawama ya kwanza dhidi ya Binchy ni nathari yake. Wanasema ni nyepesi, haina sentensi ya kukumbukwa. Mwenyewe hakukana. Alieleza mara nyingi kwamba anaandika kama anavyoongea: ikiwa mtu ametembea barabarani, basi ametembea barabarani, hakuna haja ya kutafuta maneno ya kimo. Watetezi wake huishia hapo, wakisema urahisi ni kipaji. Mimi siridhiki. Ukweli ni kwamba zipo kurasa zake nyingi ambazo ni nyepesi kwa sababu hazikusahihishwa vya kutosha. Mtu "anatabasamu kwa uchangamfu" mara nyingi kuliko inavyostahimilika. Mhakiki akisema hivyo, ana haki. Anapokosea ni pale anapodhani kwamba ufundi wa mwandishi unaishi ndani ya sentensi pekee.

Ufundi wa Binchy uko katika kugawa habari. Nani anajua nini, na nani hajui kwamba mwenzake anajua. Chukueni The Lilac Bus ya mwaka 1984, kitabu chembamba ambacho nadhani ndicho kilichosukwa vizuri zaidi. Kila Ijumaa jioni basi dogo la rangi ya zambarau linatoka Dublin na abiria saba wale wale, wakienda kwao Rathdoon kupumzika wikiendi. Kila sura inamfuata mmoja wao, ya mwisho inamfuata dereva. Yule binti mbahili, Nancy Morris, anajiona mtu makini na fedha. Katika sura nyingine unamwona kwa macho ya wengine, na unaona aibu kwa niaba yake. Yupo Rupert, kijana anayeishi Dublin na mpenzi wake wa kiume, na kwao hajasema. Hakuna anayehubiri. Basi linakwenda, watu wanabanana, na msomaji peke yake ndiye anayeshika siri za wote. Kushika mizani ya habari namna hiyo, bila msomaji kupotea hata mara moja, ni kazi ngumu. Waandishi wenye tuzo wameijaribu wakaanguka.

Na kumbukeni tarehe. Mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume yalikuwa kosa la jinai Ireland mpaka mwaka 1993. Kitabu hicho kilitoka miaka tisa kabla, kikauzwa madukani, kikasomwa na akina mama waliokwenda misa kila Jumapili.

Hapo ndipo neno "hadithi za faraja" linaponikera. Rudini kwenye Light a Penny Candle. Elizabeth, msichana wa Kiingereza aliyepelekwa Ireland kukimbia mabomu ya vita, anakuwa mtu mzima, anapata mimba London na kuitoa. Rafiki yake Aisling anaolewa na mlevi, ndoa ambayo haikukamilika hata kitandani, na anamwacha. Riwaya ilitoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Ireland ilipiga kura ya maoni na kuweka marufuku ya utoaji mimba ndani ya katiba, marufuku iliyokuja kuondolewa mwaka 2018. Talaka haikuwapo kisheria. Kura ya mwaka 1986 iliikataa, ya mwaka 1995 ikaikubali kwa tofauti isiyofikia asilimia moja ya kura. Edna O'Brien, mwandishi mwenzake wa Ireland, alipoandika kuhusu wasichana na tamaa zao mwaka 1960, bodi ya udhibiti ilimpiga marufuku na wahakiki wakamfanya shujaa. Binchy aliingiza mambo mazito yasiyopungua hayo sebuleni mwa kila mtu, na kwa kuwa hakupigiwa kelele, wahakiki wakadhani hakusema kitu. Sisemi ni mkubwa kuliko O'Brien. Kwa sentensi, O'Brien anamwacha mbali. Nasema tu kwamba mwandishi asiyepigwa marufuku naye anaweza kuwa amesema jambo zito, na labda ameliweka mahali ambapo litasikika zaidi.

Sasa Circle of Friends, ya mwaka 1990, ambayo ndiyo ushahidi wangu mkubwa, nami nitakaa hapo kidogo.

Benny Hogan ni mtoto pekee wa mwenye duka la nguo za wanaume katika mji mdogo uitwao Knockglen. Ni msichana mnene, mrefu, mcheshi, ambaye wazazi wake wanampenda kwa namna ya kumbana pumzi. Rafiki yake Eve amelelewa na watawa. Wanaingia chuo Dublin, wanakutana na Nan Mahon, mrembo ambaye baba yake ni mlevi mwenye ngumi, na Jack Foley, mtoto wa daktari, mchezaji wa raga, kijana anayependwa na kila mtu. Jack anampenda Benny. Hapo msomaji wa riwaya pendwa anatulia kitini: anajua njia. Nan anapata mimba ya Simon Westward, bwana mdogo wa jumba kubwa, ambaye anakataa kumwoa. Nan analala na Jack na kumwambia mimba ni yake. Jack anamwacha Benny. Siri inafumuka, mimba inaharibika, Nan anaondoka kwenda London. Na Jack anarudi.

Wahakiki waliosema Binchy anaandika ndoto za wasichana ningependa waniambie walifikaje ukurasa wa mwisho. Maana Benny hamrudii. Hakuna hotuba, hakuna kofi. Anamtazama na kugundua kwamba yule kijana amepungua, kwamba ana duka la kufikiria, mama mjane, masomo na marafiki, na kwamba Jack si tena kitu kinachohitajika katika maisha yake. Binchy aliwahi kusema kwamba katika hadithi zake vifaranga vya bata wenye sura mbaya hawageuki kuwa mabata maji wa kupendeza; wanakuwa bata wanaojiamini. Msemo huo unanukuliwa kila mahali kama kichekesho. Ni nadharia ya riwaya. Anavunja mkataba wa kimapenzi uliowaleta wasomaji wake dukani, na anavunja kwa upole kiasi kwamba wengi hawaoni kwamba umevunjwa.

Mnataka kujua mwisho huo ulikuwa mkali kiasi gani? Tazameni filamu. Mwaka 1995 Pat O'Connor aliiongoza, Andrew Davies akaandika mswada, Minnie Driver akawa Benny, Chris O'Donnell akawa Jack. Ni filamu ya kupendeza, Driver ni hodari kweli. Lakini mwisho umebadilishwa: Benny na Jack wanapatana. Sinema haikuweza kustahimili mwisho ambao "mwandishi wa faraja" aliuandika bila wasiwasi. Kisha, na hili ndilo la kuchekesha, watu wengi waliomhukumu Binchy kwa hadithi hii walikuwa wameiona filamu tu. Wakamlaumu kwa utamu aliotiliwa na wengine.

Sasa nirudi kwenye mwaka 2012, alipofariki. Muda mfupi tu ulikuwa umepita tangu kifo chake, mwandishi na mhakiki Amanda Craig akachapisha makala katika The Telegraph akiuliza kama Binchy angeandika vizuri zaidi iwapo angekuwa mama. Binchy na mumewe, Gordon Snell, hawakupata watoto. Makala ilizua hasira, na majibu yalikuja haraka: Jane Austen hakuzaa, George Eliot hakuzaa, Virginia Woolf hakuzaa. Majibu ya haki, lakini tazameni yalivyotuacha. Mshambuliaji alizungumzia tumbo la mwandishi, na watetezi wakajibu kwa orodha ya matumbo mengine. Hakuna aliyefungua kitabu. Kama swali ni iwapo Binchy alielewa mama na mtoto, mbona hakuna aliyemtaja Annabel Hogan, mama yake Benny, anayeamka polepole kutoka usingizi wa ujane wake na kugundua kwamba anaweza kuendesha duka? Au Marilyn wa Tara Road, Mmarekani anayebadilishana nyumba na mwanamke wa Dublin asiyemjua kwa sababu hawezi kukaa tena katika nyumba yake baada ya kufiwa na mwanawe? Oprah Winfrey alikichagua kitabu hicho kwa klabu yake mwaka 1999, na nadhani Marilyn ni sababu kubwa. Huzuni yake haielezwi. Inaonekana katika jinsi anavyokataa kuulizwa.

Nimemtetea vya kutosha. Yapo mashtaka ambayo ningependa wahakiki wangeyaleta, na ambayo kwa kushughulika na tabia yake hawakuyaleta kwa uzito.

La kwanza ni watawa. Mother Francis, mtawa aliyemlea Eve, ni mmoja wa watu wazuri kuliko wote katika kazi ya Binchy: mwerevu, mwenye hila za heri, mwenye upendo. Anaaminika kabisa. Lakini Eve ni yatima aliyelelewa katika nyumba ya watawa ya Ireland ya miaka ya 1940 na 1950, na leo tunajua nyumba nyingi za namna hiyo zilikuwaje. Ripoti ya Tume ya Ryan ya mwaka 2009 ilieleza kwa kirefu vipigo, njaa na unajisi katika shule na makao yaliyoendeshwa na mashirika ya kitawa. Nyumba ya mwisho ya Magdalene, zile za watawa ambamo wanawake walifungiwa na kufulishwa nguo, ilifungwa mwaka 1996, miaka sita baada ya Circle of Friends kuchapishwa. Binchy hakuwa mfuasi mtiifu wa Kanisa. Imani ilimtoka akiwa Israel katika ujana wake na hakuficha. Kwa hiyo si kwamba aliogopa maaskofu. Nadhani alikuwa na mazoea ya kumtafutia kila mtu upande wake mzuri, na mazoea hayo yanayompa uwezo wa kuwaona watu ndiyo yaliyomfanya asione taasisi. Mlevi mmoja anamwona. Mwizi mmoja, kama yule Sean Walsh anayeiba fedha dukani kwa Hogan, anamwona mpaka kucha. Mfumo mzima unaoiba, hapana.

La pili ni vitabu vya mwisho. Katika Quentins ya mwaka 2002 na vilivyofuata, wahusika wa zamani wanarudi kutembeleana kutoka riwaya moja hadi nyingine, mgahawa uleule, mitaa ileile. Wapenzi wake walifurahi kama watu waliokutana na jirani safarini. Mimi naona pale uzi umelegea. Katika Minding Frankie ya mwaka 2010 mtaa mzima unasaidiana kulea mtoto, na kila tatizo linapata mtu mwema wa kulitatua kabla halijauma. Zamani, wema katika vitabu vyake ulikuwa na gharama: mtu alipoteza mchumba, alipoteza jina, alihama nchi. Mwishoni wema umekuwa bure. Alikuwa mgonjwa, ameandika mengi, nani atamlaumu? Lakini mhakiki kazi yake ni kusema, na wale waliompenda hawakusema.

Nafahamu kuna mwalimu hapa mbele ambaye hakubaliani nami kuhusu Mother Francis, maana amekuwa akitikisa kichwa kwa dakika kumi. Anieleze. Na kwa aliyeuliza mlangoni aanze na kipi: The Lilac Bus kwanza, inasomeka kwa siku mbili, kisha Circle of Friends. Filamu iacheni mpaka mumalize kitabu. Mwenyekiti, nimemaliza, maswali yaje.